Kamba ya mita 60

(Hotuba niliyoitoa jijini Mbeya mbele ya viongozi wa makanisa na misikiti wa Nyanda za Juu Kusini. Nimeiandika kama nilivyoisema, nikipunguza marudio tu.)

Baba maaskofu, mashehe wetu, wachungaji, mapadre, maimamu, walimu wa madrasa, masista, wazee wenzangu wa kanisa, kina mama na vijana: Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo. Asalaam alaykum. Kwa mliopanda basi la alfajiri kutoka Iringa na Njombe, kamwene. Na wenyeji wa Rungwe, ndaga fijo kwa kuja.

Mimi si mhubiri. Ni mkulima wa viazi na pareto huku kwenye milima ya Uporoto, na ni mzee wa kanisa. Niliombwa nizungumzie dini na utunzaji wa mazingira, nami nimeona nizungumzie shamba la kanisa na shamba la msikiti. Neno langu ni hilo moja: kabla hatujamfundisha muumini namna ya kulima, twende tukaone nyumba ya Mungu yenyewe inalimaje.

Nianze na kosa ambalo nilishiriki kulifanya.

Mwaka 2006 usharika wetu ulikuwa na kanisa lililoezekwa nusu. Tulikuwa pia na ekari tatu ambazo wazee wa zamani walizitoa kwa kanisa, zinazoshuka bondeni hadi kwenye chemchemi. Nilikuwa mtunza hazina. Mimi ndiye niliyesimama kwenye baraza la wazee nikasema tupande milingoti. Hesabu ilivutia. Mlingoti hauombi mbolea, ng'ombe hawaugusi, baada ya miaka minane unauza nguzo, na ukiukata unachipua wenyewe. Tulipanda kuanzia juu hadi ukingoni kabisa mwa maji, kwa sababu kule chini ndiko miche ilikoshika haraka. Mchungaji aliiombea, kwaya ikaimba, tukarudi nyumbani tukiwa na amani.

Chemchemi ile haikuwa ya usharika. Ilikuwa ya kijiji kizima. Ndoo ya lita 20 ilijaa kabla hujamaliza kumsalimia mwenzako na kuulizia watoto wake. Maji ya ubatizo tuliyachota pale. Na ng'ambo ya bonde kuna msikiti mdogo wa matofali ya kuchoma, nao maji yao ya udhu waliyachota palepale.

Kiangazi cha mwaka wa sita, mwezi wa Oktoba, mtu alitega ndoo, akaenda kukata majani ya ng'ombe, akarudi na mzigo kichwani akaikuta bado. Kina mama wakaanza kuamka saa tisa za usiku ili wawahi foleni. Palitokea ugomvi, watu wakavunjiana ndoo.

Jioni moja imamu wa msikiti ule alikuja nyumbani kwangu. Ni mzee kunizidi. Nilimpa kiti, yeye akaketi kizingitini, akavua viatu. Miguu yake ilikuwa nyeupe kwa vumbi. Akaniambia, "Mama, Mtume alitukataza kumwaga maji ovyo tunapotawadha, hata kama mtu yuko kando ya mto unaotiririka. Sisi sasa hata mto hatuna. Nimekuja kuuliza, ile miti ni ya Mungu au ni yenu?"

Hakupaza sauti. Alikunywa chai, akanishukuru, akaondoka. Usiku ule sikulala, kwa sababu jibu nilikuwa nalo. Miti ilikuwa yetu.

Ilituchukua miaka miwili ya mabishano kwenye baraza. Wapo waliosema tungoje nguzo zikomae kwanza tumalizie bati. Wapo waliosema mvua ndiyo imepungua, miti inasingiziwa. Hatimaye tulikata, na hapo ndipo tulipojua kazi. Mlingoti ukikatwa haufi. Kisiki kinatoa machipukizi kumi mahali pa shina moja. Ikabidi kisiki chenyewe king'olewe. Unachimba kukizunguka kisiki hadi kiunoni, unakata mizizi ya pembeni kwa shoka mmoja mmoja, halafu unakuta mzizi wa katikati umekwenda chini na hujui mwisho wake. Watu watatu, kisiki kimoja, siku nzima. Vijana wetu wa kipaimara na vijana wa madrasa walichimba pamoja, Jumamosi baada ya Jumamosi. Uji Jumamosi hii ulipikwa na kina mama wa kanisani, inayofuata kina mama wa msikitini. Tukapanda miti ya asili, mikuyu na mivengi, na mahali pengine tukaacha tu majani ya asili yajirudie.

Chemchemi imerudi, ila haijafikia kiwango chake cha zamani. Leo ndoo inajaa baada ya dakika tano hivi. Nawaambia hili wazi ili mtu asiondoke hapa akidhani ukitubu kwa bonde basi bonde linasahau siku hiyohiyo.

Naomba mnielewe. Mlingoti siuchukii. Kuna mtu hapa wa Mufindi au Njombe ambaye hajamsomesha mtoto kwa fedha ya miti? Kuni za mlingoti zimeuokoa msitu wa asili usiishe kwa mashoka. Kosa letu lilikuwa mahali. Mti unaokunywa maji kwa kasi ile na kukua kwa kasi ile, nafasi yake ni juu kwenye mgongo wa mlima, mbali na jicho la maji.

Ndiyo maana nimekuja na kamba hii. Ni ya katani, ina mafundo sita: kutoka ncha hadi fundo la kwanza ni mita 10, na kutoka fundo hadi fundo ni mita 10. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa au bwawa. Sisi kijijini tunapima hivyohivyo hata kwenye chemchemi. Tangu nianze kutembea nayo nimeifunga kwenye mashamba mengi ya nyumba za ibada, na sitataja hata moja. Nitasema tu kwamba mara nyingi fundo la sita linaangukia katikati ya viazi vyetu, au katikati ya tofali zetu, au ndani ya zizi la nguruwe wa mradi.

Maji hayo tunayoyabana hayaishii kwetu. Mito inayoshuka kutoka milima ya Uporoto na Kipengere inaingia bonde la Usangu, inanywesha mpunga wa Mbarali, inapita kinamasi cha Ihefu, ndiyo inakuwa mto Ruaha Mkuu. Tangu mwaka 1993 mto huo umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha, viboko wanabanana kwenye madimbwi ya tope. Mifereji ya mpunga ambayo haifungwi hata mazao yakishavunwa, mifugo mingi, mabonde yaliyolimwa huku juu, kila kimoja kina sehemu yake. Ihefu iliingizwa ndani ya hifadhi mwaka 2008, na bado shida haijaisha. Chini ya hapo kuna mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu, na Ruaha inakwenda kumwagia Rufiji, lilipo Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115. Taa ya Dar es Salaam ina tone lililotoka kwenye bonde la usharika fulani huku juu. Kwa hiyo tunapokusanyika kwa ibada ya kuombea mvua, na wenzetu wanaposwali swala ya kuomba mvua, tujiulize pia tumeifanyia nini mvua ya mwaka jana.

Sasa kwa nini niwaeleze ninyi, wakati maafisa ugani wapo, na halmashauri ipo?

Kwa sababu ninyi hamhami. Nimeona miradi mingi huku Uporoto. Inakuja na magari meupe, inakaa miaka mitatu, inaacha kibao barabarani na fulana. Kanisa linabaki. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891 na wako hapo mpaka leo. Msikiti unaadhiniwa mara tano kwa siku bila kusubiri bajeti. Mti wa kuutunza miaka 30 unahitaji mtunzaji atakayekuwepo miaka 30. Isitoshe mna ardhi, na mna watoto wetu kila juma. Na mnasikilizwa mahali ambapo serikali haisikilizwi.

Kisiwani Misali, upande wa magharibi wa Pemba, wavuvi walikuwa wakitumia baruti na nyavu haribifu. Amri za serikali zilikuwepo, watu wakazikwepa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na kuanzia hapo, walimu wa dini wakaingia, wakafundisha kutoka kwenye Qur'ani kwamba binadamu ni khalifa, amekabidhiwa amana, na kuivunja miamba ambamo samaki huzaliana ni kuihujumu amana hiyo. Wapo wavuvi waliokuwa hawajali faini, ila hilo liliwagusa.

Wenzetu wa Kilimanjaro nao wanajulikana. Askofu Fredrick Shoo, aliyechaguliwa kuwa Mkuu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) mwaka 2015, aliitwa askofu wa miti kabla ya hapo, na huko kijana wa kipaimara alijua kuwa kupanda miti ni sehemu ya mafunzo kama ilivyo Katekisimu. Nalipenda sana jambo hilo. Kijana akishapanda mti wake mwenyewe, hata akienda kuishi mjini, akirudi Krismasi anaulizia mti wake.

Lakini mfano ulionigusa kuliko yote ni wa Ethiopia. Kule kaskazini, nchi ambayo karibu yote imelimwa na kuchungwa, msitu wa asili umebaki kwa sehemu kubwa kuzunguka makanisa ya Kiorthodoksi. Ukitazama kutoka juu unaona mashamba ya kahawia, na vidoti vya kijani. Kila kidoti, katikati yake lipo kanisa. Kwao kanisa lisilo na miti ni kama mtu asiye na nguo. Ng'ombe walipoanza kuingia na kula miche, waumini wakaokota mawe yaliyokuwa yanawasumbua mashambani, wakajenga ukuta kuzunguka msitu. Shamba likapata nafuu, na msitu ukapata ulinzi.

Nikifikiria hilo nakumbuka jambo linalonichoma. Huku kwetu misitu ya namna hiyo ilikuwepo. Kila ukoo ulikuwa na msitu wa matambiko, na mara nyingi ulikuwa juu ya chanzo cha maji. Hakuna aliyekata fimbo mle. Bibi yangu alinionyesha mmoja, na alipofika kwenye njia ya kuingilia alishusha sauti. Sisi tuliobatizwa tukaambiwa ni misitu ya mizimu, na kwa kuonyesha kwamba tumeokoka, mahali pengi tukaingia na mapanga. Msitu ule wa bibi leo ni shamba la viazi, na kijito chake ni cha masika tu. Siwaombi mrudi kwenye matambiko. Nawaomba mkiri kwamba tuliondoa mlinzi wa zamani bila kuweka mlinzi mpya. Nafasi hiyo bado iko wazi, na nadhani ni yenu.

Na watu wa kusini hawana shida kuuona mkono wa Mungu kwenye ardhi. Daraja la mwamba juu ya mto Kiwira tuliliita Daraja la Mungu. Uwanda wa maua wa Kitulo, uliofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, watu wanauita Bustani ya Mungu. Jina tumempa Mungu, kisha tukaenda kuchimba viazi vya okidi kwa magunia vikauzwe Zambia kwa ajili ya chikanda, chakula cha huko.

Tuingie shambani sasa, maana hapo ndipo ninapokaa.

Mteremko wa Uporoto ukiulima matuta ya kushuka, mvua ya kwanza kubwa inateremka na udongo wako. Tunalima hivyo kwa sababu jembe linakwenda kwa wepesi na maji hayatuami kwenye viazi. Simameni darajani mwezi wa Machi muone rangi ya mto: ule ni udongo wa volkano, mweusi, mzuri, uliochukua maelfu ya miaka. Matuta ya kukingama na mteremko, majani ya tembo au vetiva kwenye makinga maji, haya yote tunayajua, tumefundishwa. Na mabaki ya mahindi tuyalaze juu ya ardhi kama matandazo, tuache kuyatia moto mwezi wa tisa. Moto ule hauna mpaka, unapanda mlima. Aprili 2024 tope la Mlima Kawetere liliposhuka Itezi, hapa hapa mjini, likafunika nyumba na shule, kila mmoja wetu alitazama mlima wa kwao kwa jicho jingine. Sidai kwamba chanzo kilikuwa kimoja. Ila mlima uliovuliwa nguo si wa kuutegemea.

Tusidhani elimu yote inatoka nje. Wamatengo wa Mbinga wanalima miteremko mikali kuliko yetu, na wamelima hivyo kwa vizazi vingi, kwa ngoro. Nyasi zinafyekwa, zinalazwa zikikingamana mpaka mlima mzima unakuwa miraba. Kisha kina mama wanachimba katikati ya kila mraba na kuufukia udongo juu ya zile nyasi. Unabaki na shimo lenye kingo nne, na kingoni ndipo panapopandwa, maharage kwanza, mahindi baadaye. Mvua ikinyesha, kila shimo linapokea maji yake. Nyasi zinaoza chini na kuwa mbolea. Ukiitazama ngoro kutoka ng'ambo ya bonde ni kama sega la nyuki. Wamatengo wengi ni Wakatoliki, lakini ngoro ilikuwepo kabla ya misheni yoyote, na namshukuru Mungu kwamba hakuna aliyewaambia ni ya mizimu.

Na dawa. Hili naliona kila msimu na linaniuma. Ukungu wa viazi ukiingia, kijana anabeba bomba mgongoni, hana glavu, hana kitambaa puani, anapuliza asubuhi hadi saa sita, kisha anashuka kijitoni kuosha bomba. Chupa tupu anaitupa pale, au anaipeleka nyumbani iwekwe mafuta ya taa. Hatua mia mbili chini yake mama anachota maji ya kunywa. Mhubiri akiligusa jambo hili Jumapili moja tu, akataja kijito kwa jina lake, amefanya kazi kubwa kuliko semina.

Kuhusu Maandiko sitawafundisha ninyi. Mwanzo 2:15 inasema mtu aliwekwa bustanini "ailime na kuitunza", na tumehubiri kulima peke yake kwa miaka mia moja. Walawi 25 inaipa ardhi sabato yake katika mwaka wa saba. Waislamu wanayo hadithi ya Mtume kwamba Muislamu akipanda mti, akala humo ndege, mtu au mnyama, ile ni sadaka yake. Na nyingine, kwamba kiyama kikimkuta mtu na mche mkononi, kama anaweza kuupanda, aupande. Papa Francis aliandika waraka mzima juu ya mazingira mwaka 2015, na Septemba 2012 viongozi wa dini wa Afrika walikutana Nairobi wakiwa na mipango ya miaka mingi ya kuyatunza. Maandishi tunayo ya kutosha. Kilichobaki ni ekari zile.

Naomba mambo mawili, na yote yanawezekana kabla ya mvua.

La kwanza ni mavuno. Mnaujua mnada wa mavuno baada ya ibada: gunia la mahindi, mkungu wa ndizi, jogoo aliyefungwa miguu, na mtu mmoja ananunua yai kwa shilingi elfu kumi na kanisa zima linapiga vigelegele. Furaha ile ni mali. Mwaka huu kwenye meza ile iwekwe miche ya mikuyu na mivengi iliyooteshwa na vijana, iwekwe debe la mboji, ziwekwe mbegu za maharage ya zamani ambazo bibi zetu bado wanazificha kwenye vibuyu. Atakayenunua mche, jina lake liandikwe, na mavuno ya mwaka unaofuata aulizwe mbele ya watu umefika wapi. Misikitini, mnajua wenyewe namna ya kuitumia ardhi ya wakfu. Mti wa wakfu hauuzwi wala haurithiwi, na sijui ulinzi mwingine wenye nguvu kuliko huo.

La pili ni kamba. Imamu yule aliyekaa kizingitini mwangu yupo hapa leo, safu ya tatu, na amekubali tuifanye kazi hii pamoja. Kila usharika, parokia na msikiti wenye shamba linalogusa maji, mkubali tuje tupime. Hatuji na kamera, wala hatuandiki ripoti ya kupeleka popote. Tutafunga ncha moja kwenye jiwe la chemchemi, mchungaji au shehe mwenyewe atashika ncha ya pili na kupanda nayo juu, na pale kamba itakapokaza atachomeka kijiti.

Kamba nitaiacha mlangoni, kwenye meza ya chai, pamoja na daftari. Andikeni jina la mahali na siku inayowafaa. Jumamosi hii tayari imechukuliwa, tunakwenda Rungwe. Kuanzia Jumamosi ijayo tuko wazi, na tunakuja na jembe letu.